Wanaotuuguza Wawekewe Ngazi Moja

Ndugu wananchi, chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Matibabu yetu nayo yana mafiga yake: daktari, muuguzi, na mhudumu wa afya ya jamii apitaye nyumba kwa nyumba kumjulia hali mama mjamzito na mtoto mwenye homa. Hebu na tutazame jinsi mafiga hayo yalipwavyo hapa Kenya.

Mwaka 2017 Serikali ilipatana na madaktari kwamba daktari mwanagenzi apate kama shilingi 206,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 ikataka kumpa 70,000 tu. Madaktari wakagoma siku 56, na Desemba mwaka huo yakakubaliwa mapatano ya kwanza. Nao wahudumu wa afya ya jamii 100,000 waliozinduliwa mwaka 2023 waliahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali Kuu na nusu kutoka kaunti. Hesabu ya kwanza ni mara 41 ya hiyo ya pili.

Sisi hatumwonei daktari kijicho. Amesoma miaka 6, na roho za watu zi mikononi mwake. Wala hatusemi wote walipwe sawa, kwani kazi zao si sawa. Twasema ngazi njema ina vipandio vinavyofikika, si pengo tupu katikati.

Kosa kubwa ni kwamba kila kundi hujipigania peke yake. Madaktari waligoma siku 100, tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017. Hawajakaa sana kazini, wauguzi nao wakagoma tangu Juni hadi Novemba. Mgonjwa ni yule yule! Mwenye fedha alikwenda hospitali ya kulipia. Maskini akaugulia nyumbani. Na katika mchezo huu mwenye chama chenye nguvu husikilizwa, asiye nacho hungoja.

Kwa hiyo twataka meza moja. Madaktari, matabibu, wauguzi, wakunga na wahudumu wa vijijini wakae pamoja na Serikali Kuu na kaunti, wapange ngazi moja ya mishahara, nayo itangazwe mbele ya wananchi. Na lililoahidiwa lilipwe.

Ndugu wa matawi, mgombea akija kuomba kura, mwulizeni: yule mama abishaye hodi mlangoni kwetu, utamlipa nini?