Anayelinda Usiku Apewe Mchana Wake

Usiku wa tarehe 9 Agosti 1942, karibu na kisiwa cha Savo katika Visiwa vya Solomon, manowari za Japani zilizishambulia ghafla manowari za Marekani na Australia. Manowari kubwa nne zilipotea, na wanamaji zaidi ya 1,000 wakafa. Makosa ya usiku ule yalikuwa mengi, lakini moja halisahauliki: wanamaji wale walikuwa wamekaa tayari kwa vita kwa muda wa siku mbili, nao walikuwa wamechoka mno. Adui aliwakuta wameshalemewa na usingizi kabla hajafyatua mzinga wa kwanza.

Twaikumbusha habari hiyo kwa sababu wengi wetu, katika jeshi na katika polisi, tungali tukihesabu usingizi kuwa ni uzembe. Sisi wenyewe tulipokuwa makadeti tulijivunia kukesha. Tulijirudi usiku mmoja, pale mwenzetu aliyekuwa lindoni usiku wa pili bila kulala alipokiamuru kisiki kisimame na kujitaja. Kisiki hakikujibu, naye akafyatua risasi. Nyuma yake alikuwapo mpishi akiokota kuni, na risasi ikamkosa kwa rehema ya Mungu tu. Mwenzetu yule hakuwa mlevi wala mwoga, bali alikuwa hajalala.

Wataalamu wamepima wakaona kwamba mtu aliyekaa macho kwa muda wa saa 17 hadi 19 hutenda kazi vibaya sawa na mtu mwenye pombe katika damu kiasi cha asilimia 0.05. Tunamkataza dereva mlevi asiguse usukani. Mbona tunampa funguo za lori dereva aliyekesha? Mtu mzima huhitaji usingizi wa saa saba au zaidi kwa siku. Aidha, mwili una saa yake inayoongozwa na mwanga wa jua, na baina ya saa nane na saa kumi na moja za usiku wepesi wa macho na akili hupungua sana. Hizo ndizo saa wazipendazo adui na mwizi.

Kusinzia lindoni ni kosa, nasi hatulitetei. Lakini nidhamu ya lindo haina budi kuanza kitandani. Askari asiye na zamu ya usiku na alale na kuamka kwa saa zile zile kila siku, hata siku ya mapumziko. Kahawa na chai kali ziachwe tangu alasiri, kwa maana nusu ya nguvu ya kahawa huweza kubaki mwilini kwa muda wa saa tano hivi. Waragi huleta usingizi upesi, kisha huukatakata kabla ya alfajiri. Mairungi hayaondoi deni la usingizi, hulificha tu. Simu ya mkononi nayo iwekwe mbali na kitanda.

Anayetoka zamu ya usiku aende kulala moja kwa moja, dirisha lizibwe kwa blanketi, chandarua kishushwe, na jamaa zake waelezwe kwamba mchana ule ndio usiku wake. Kabla ya kurudi lindoni, usingizi mfupi wa dakika 20 humfaa sana. Ila akiamka asishike usukani papo hapo, bali angoje akili itulie.

Wapo pia wenye kuhitaji tiba. Tangu mwaka 2007 askari wetu wamehudumu Somalia, na si kila mtu anayerudi kutoka mapambano huuacha mlio wa bunduki huko huko. Anayeamshwa na ndoto za vita, au anayekoroma hata pumzi ikamkatika usingizini, amwone daktari wa kikosi. Hayo ni maradhi kama malaria, wala si aibu.

Hata hivyo, askari hawezi kuyatimiza haya peke yake. Twawasihi makamanda na wakuu wa vituo waziangalie upya orodha za zamu. Aliyelinda usiku asiitwe fatiki wala gwaride la asubuhi pasipo dharura. Zamu zibadilishwe kwa kufuata mwendo wa siku, asubuhi kwanza, kisha jioni, kisha usiku, kwani mwili huzoea hivyo kwa urahisi zaidi. Na kambini ziwepo saa za kimya, mchana kama usiku, zinazoheshimiwa na wote, maofisa wakiwa mbele.

Wananchi hulala kwa sababu wanaamini kwamba askari yu macho. Ili imani hiyo isipotee, kila kamanda aulize leo jioni, kabla ya kugawa malindo: ni nani miongoni mwa hawa aliyelala?