Asilimia sifuri kwenye kadi na bei yake siku ya kuhama benki

Uingereza ina aina ya deni ambalo watu hulipigia debe kama fedha ya bure. Benki inakupa kadi ya mkopo na kuahidi kwamba kwa miezi 12, 18 au hata zaidi ya 20 haitakutoza riba, mradi kila mwezi ulipe kiwango cha chini bila kuchelewa. Wajuzi wa hesabu wameitumia ahadi hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Manunuzi yote ya nyumbani wanayapitisha kwenye kadi, mshahara wanauacha kwenye akaunti ya akiba uzae riba, halafu deni lote wanalifuta muda wa ahadi unapokaribia kwisha. Mchezo huu ulishamiri miaka ya mwanzo ya 2000. Ulififia Benki Kuu ya Uingereza iliposhusha riba yake hadi asilimia 0.5 mwaka 2009, ukarudi kwa nguvu riba ilipopanda kutoka asilimia 0.1 mwaka 2021 hadi 5.25 Agosti 2023.

Kupanda huko kwa riba, kulikowafurahisha wenye akiba, ndiko kulikowaumiza wenye nyumba. Mikopo mingi ya nyumba nchini humo hufungiwa riba isiyobadilika kwa miaka miwili au mitano tu. Mkataba ukiisha bila mpya kuchukua nafasi yake, mkopo huangukia kwenye riba ya kawaida ya benki, ambayo mara nyingi ni ya juu sana. Kwa hiyo kila baada ya miaka michache familia hulazimika kutafuta mkataba mpya, ama kwenye benki ileile au kwa kuuhamishia mkopo kwingine. Waliofunga miaka mitano mwaka 2021, wakati riba za chini ya asilimia 2 zilikuwa jambo la kawaida, zamu yao imefika mwaka 2026. Wengi wanaingia sokoni wakiwa na kadi za asilimia sifuri mfukoni, wakiamini kwamba deni lisilo na riba halimhusu mkopeshaji wa nyumba.

Linamhusu sana. Tangu kanuni za Aprili 2014, mkopeshaji wa nyumba hupima mapato ya mwombaji pamoja na mzigo wa madeni aliyonayo kila mwezi. Kwa deni la kadi, wakopeshaji wengi hawajali kiasi unacholipa kweli. Huchukua asilimia fulani ya salio, mara nyingi 3 au 5, na kuihesabu kuwa ndiyo marejesho yako ya mwezi. Salio la pauni 10,000 linageuka kuwa mzigo wa pauni 300 au 500 kwa mwezi, hata kama riba yake ni sifuri na wewe unalipa pauni 100 tu.

Tuseme kuna familia yenye mapato ya pauni 48,000 kwa mwaka, inayodaiwa pauni 194,000 kwenye nyumba yake. Benki mpya ikikopesha mara nne na nusu ya mapato, ukomo ni pauni 216,000, na familia ina nafasi ya kutosha. Sasa weka kadi yenye salio la pauni 10,000, ihesabiwe kwa asilimia 3. Benki ikipima uwezo kwa riba ya tahadhari ya asilimia 7 kwa miaka 25, pauni 300 za mwezi ndizo zingebeba mkopo wa zaidi ya pauni 42,000. Ondoa hizo na ukomo unashuka hadi karibu pauni 174,000. Familia inakataliwa mkopo inaoulipa tayari bila kukosa, na huenda wakati huohuo pauni 10,000 zimekaa salama kwenye akaunti yake ya akiba.

Nayo faida iliyokuwa ikifukuzwa ni ndogo. Pauni 10,000 kwenye akiba ya asilimia 4 huzaa pauni 400 kwa mwaka, na hupungua kadiri unavyolipa kiwango cha chini cha kadi. Benki nyingine ikiwa na riba pungufu kwa nusu asilimia tu, kwenye mkopo wa pauni 194,000 tofauti hiyo ni karibu pauni 970 kwa mwaka.

Hapo ndipo ilipo bei halisi ya asilimia sifuri. Asiyeweza kuhama hafukuzwi nyumbani kwake. Juni 2023 wakopeshaji wakubwa walikubaliana na serikali kwamba mteja asiye na malimbikizo aruhusiwe kuchukua mkataba mpya kwenye benki yake ileile bila kupimwa uwezo upya, na aweze kuushika miezi sita kabla. Makubaliano hayo yaliwaokoa wengi, lakini yaligawa soko mafungu mawili: wanaoweza kuzunguka wakitafuta bei na wanaopokea bei ya mlango mmoja. Deni la kadi humsukuma mtu kwenye fungu la pili. Ada ya uhuru huo uliopotea haionekani kwenye taarifa yoyote ya kadi.

Watetezi wa wakopeshaji wana hoja yenye uzito. Ahadi ya asilimia sifuri ina mwisho, na ikiisha riba ya kadi huruka kupita asilimia 20. Akiba iliyopo leo inaweza kutumika kesho kwa gari, harusi au matibabu, ilhali deni linabaki. Malipo yakichelewa mara moja, benki inaweza kuifuta ahadi, na alama ya kuchelewa hukaa kwenye kumbukumbu za mikopo kwa miaka sita. Mkopeshaji anayefunga fedha zake kwa miaka 25 ana haki ya kudhani mabaya.

Kudhani mabaya, hata hivyo, si sawa na kufumba macho. Aliyetumia kadi kununua chakula mwaka 2022 bei zilipopaa na hana akiba yoyote hayuko hali moja na mwenye fedha za kulifuta deni lote leo. Mara nyingi fomu huwasoma wote wawili kwa nambari moja. Baadhi ya wakopeshaji tayari huliacha deni nje ya hesabu mwombaji akikubali kulilipa kabla mkopo mpya haujatolewa. Utaratibu huo ungepaswa kuwa wa wote, usiotegemea bahati ya kukutana na dalali anayeujua. Hatari kwa benki ingekuwa ndogo, kwa kuwa deni lingekuwa limekwisha kabla fedha hazijatoka.

Njia moja inayouzwa kama suluhisho inahitaji kuogopwa: kulichanganya deni la kadi na mkopo mpya wa nyumba. Pauni 10,000 zikilipwa kwa miezi 20 bila riba zinabaki pauni 10,000. Zikiingizwa kwenye mkopo wa miaka 25 kwa asilimia 4.5, hadi mwisho umelipa karibu pauni 16,700, na deni ambalo halikuwa na dhamana sasa limeshikilia nyumba. Jambo hili linawagusa kwa namna ya pekee Waafrika Mashariki waishio Leicester, London au Reading, ambao kadi ya asilimia sifuri huwasaidia kutuma fedha za msiba au kumalizia jengo nyumbani. Ndugu aliyeko Tanga hajui kwamba mchango aliotumiwa unaweza kulipwa kwa robo karne kwa dhamana ya nyumba ya Leicester.

Kwa sheria zilivyo leo, mwenye nyumba hana budi kuhesabu kalenda mbili kwa pamoja. Kadi huripoti salio mara moja kwa mwezi, hivyo deni lililofutwa leo linaweza kuonekana kwa wiki kadhaa zaidi. Kulimaliza miezi mitatu kabla ya kuanza kutafuta mkataba, na kutofungua kadi mpya katika kipindi hicho, kunagharimu pauni chache za riba ya akiba. Ambaye hawezi kulimaliza kwa wakati huo ajue kwamba kadi yake haikuwa mchezo wa faida. Ni deni, na linastahili kupangiwa malipo kama madeni mengine, kabla ya kufikiria benki ipi ina riba nzuri.