Baraka: Mama wa sufuria kubwa ya maharage asitukanwe bure

BARAKA – Imekuwa mazoea sasa. Mtu anapita kwa familia za wahami, anakuta sufuria kubwa ya maharage imefunikwa pembeni ya mbabula, anaambiwa imepikwa juzi, na papo hapo anaanza kumfokea mama. Eti uvivu. Eti hawajui usafi. Maneno hayo yanasikika kwa wenyeji, yanasikika hata kwa wale wanaokuja na gari na makaratasi.

Uvivu gani? Maharage makavu yanataka saa 2 ao 3 za moto, na yale yaliyokaa sana ghalani yanazidi hapo. Mama aliyeshuka kutoka milimani, upande wa Minembwe ao Bijombo, hana shamba hapa wala mti wa kukata. Makala ananunua kwa kimfuko kidogo. Basi anahesabu: moto mmoja, sufuria moja, siku tatu. Anatia chumvi, pilipili, mafuta ya mawese kama yako, ndagala siku ya bahati. Hiyo ni hesabu ya mtu mwenye akili.

Kosa liko kwingine. Kumpa mtu maharage bila cha kuyapikia ni kumpa nusu ya chakula. Wengine wanauza sehemu ya maharage sokoni ili wapate makala ya kuivisha yaliyobaki, halafu wanashitakiwa kwamba wameuza msaada! Na makala yenyewe, kabla ya kufika Baraka, yamepita barieri ngapi, na kila barieri imekula kiasi gani? Mwisho wa njia analipa mama.

Lakini kumtetea mama si kutetea chakula kilicholala. Shirika la afya duniani, OMS, linasema chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida. Shauri zuri, kwa mwenye frigo. Ndani ya kibanda cha shitingi kando ya Tanganyika, sufuria kubwa inabaki vuguvugu usiku mzima, na ndivyo vijidudu vinavyopenda. Wengi wanaamini kwamba kuchemsha tena asubuhi kunamaliza yote. Hapana. Kuna vijidudu vinavyoacha sumu ambayo moto hauiondoi, na pua haiisikii sikuzote. Tena Fizi inajulikana kwa kolera miaka na miaka. Kikombe kilichosuuzwa kwa maji ya ziwa, kikachovywa ndani ya mboga iliyopoa, kinatosha kuwalaza watoto.

Dawa isiyo na bei kubwa ipo. Maharage yaloweke tangu jioni, maji yale yamwagwe. Yachemke kwa nguvu nusu saa, kisha sufuria ifunikwe vizuri na kuviringwa ndani ya mablanketi, moto umezimwa. Yanaendelea kulainika yenyewe. Baadaye moto kidogo tu wa kuyachemsha tena na kuyamaliza. Na sufuria ibaki kubwa vilevile, ila iwe ya nyumba tatu ao nne: huyu ameleta maharage, yule makala, mwingine amechota maji. Jioni imekwisha, hakuna cha kulaza.

Watasema watu hawaaminiani, kwamba mmoja atachota kuliko wengine. Je, kwenye matanga nani anapika peke yake? Wakaaji wengi wa Baraka wenyewe walikula posho ya Nyarugusu kule Tanzania, wanajua njaa ya mkimbizi ilivyo. Wasijifanye wageni wa jambo hili.

Zamu hiyo haiondoi deni la wakubwa. Barieri ziache chakula na makala kupita. Mashirika ya kiutu, yanapohesabu kilo za maharage kwa kila familia, yahesabu na moto wa kuyaivisha. Gari likifika tena kugawa, familia ziulize mbele ya kila mtu, kabla ya kutia kidole kwenye karatasi: makala yako wapi?