Maji Ukiyavulia Nguo: Mgeni Katika Banya ya Warusi

Wahenga walinena kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Methali hii yamfaa mgeni aingiaye kwa mara ya kwanza katika banya, yaani nyumba ya jadi ya Warusi ya kuogea kwa mvuke. Humo hukuta tanuri lenye mawe ya moto. Maji yakimwagwa juu yake, mvuke hutanda. Kisha mwenyeji humlaza juu ya ubao na kumchapa kwa kitita cha matawi yenye majani, kiitwacho veniki. Hatimaye hutoka na kujitosa katika maji baridi au theluji.

Mgeni hudhani ni adhabu. Dhana hii ni kongwe. Kitabu cha tarehe kilichotungwa Kiev mwanzoni mwa karne ya 12 chasimulia kwamba Mtume Andrea aliwaona watu wa Novgorod wakijichapa katika mabafu yao ya mbao, akawaeleza Warumi kuwa watu hao hujitesa wenyewe bila kulazimishwa na yeyote. Ingawa kisa hicho ni hekaya, chatufunza jambo: mtazamaji yule alitazama, hakuoga.

Maoni yangu ni kwamba macho pekee hayatoshi. Aliye mlangoni haoni kuwa veniki husukuma joto mwilini, wala kuwa kofia nzito ya sufu hukinga kichwa dhidi ya joto hilo. Hajui pia kwamba banya ni baraza la marafiki, na kwamba atokaye hupewa salamu ya kumtakia mvuke mwepesi. Naam, mwenye maradhi ya moyo ana haki ya kubaki nje. Lakini basi na akiri katika maandishi yake kwamba alibaki nje.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumewalaumu wasafiri wa Ulaya walioziandika ngoma na nyago zetu kwa kuchungulia tu. Lawama hiyo ni ya haki, ila itapoteza uzito endapo nasi tutawaandika wengine vivyo hivyo. Hata kuiita banya "hamamu" ni kuipotosha, kwani msomaji atawaza Hamamni ya Unguja, iliyojengwa enzi ya Sultani Barghash kwa mtindo wa Kiajemi. Heri tulikope neno banya, kama tulivyolikopa hamamu kutoka Kiarabu, na maana yake tuitafute kwa wenyewe.

Atakaye kuyaandika maji ya watu, na ayaoge kwanza.