Mwacheni Mchezaji Abebe Mzigo Wake

Kuna imani iliyoota mizizi kwa wapenzi wa gemu, kuanzia vijana wa hapa Ntalikwa, Tabora, wanaopokezana simu moja hadi wakubwa wa kampuni za California, kwamba gemu hukua kadiri inavyokaribia sinema. Picha ziwe kama za filamu, waigizaji waongee kwa sauti zao, mchezaji abakiwe na kazi ya kugusa kioo mara mojamoja kuchagua hili au lile, hapo watu husema: hii sasa ndiyo gemu. Na kila unapotajwa mfululizo wa zamani wa gemu za safari na mafumbo, zile za kutembea, kuokota vitu, kuhoji watu na kufumbua, hakosekani mtu wa kushauri kwamba dawa ya kuufufua ni kuugeuza sinema ya kuchagua. Nawapinga watu hao, na hoja yangu kubwa nimeitoa kwenye njia ya misafara iliyopita huku kwetu Unyanyembe.

Gemu hizi zilianza bila picha hata moja. Mwaka 1976 Mmarekani Will Crowther, fundi wa kompyuta aliyependa kutambaa mapangoni, alitunga gemu ya maneno matupu akifuata ramani ya sehemu ya pango la Mammoth huko Kentucky. Mwaka uliofuata Don Woods akaiongezea. Kompyuta inakueleza uko wapi na mbele yako kuna nini. Wewe unaandika unachotaka kufanya. Mwaka 1984 Roberta Williams akaleta King's Quest, na mhusika akaonekana akitembea kwenye mandhari ya rangi. Picha ziliongezeka lakini kazi ilibaki ya mchezaji.

Kisha zikaja CD, na akili za watu zikaruka. Mwaka 1995 Roberta Williams huyohuyo alitoa Phantasmagoria, yenye waigizaji halisi waliopigwa video, ikajaa CD 7. Mwaka huohuo mfululizo wa Gabriel Knight nao ukavishwa waigizaji, ukajaa CD 6. Magazeti ya michezo yalitangaza kwamba enzi mpya imeingia. Lakini video ikishapigwa haibadiliki. Mwigizaji akitembea, wewe unatazama. Ukitaka kujaribu jambo ambalo mwongozaji hakulipiga picha, huwezi, kwa sababu halipo. Kila dakika ya video ilikula fedha na nafasi, kwa hiyo mambo ambayo mchezaji angeweza kujaribu yakapunguzwa ili yatoshe kwenye bajeti. Haukupita muda mrefu kampuni zikaachana na mtindo huo.

Hata sinema yenyewe ilishajaribu mapema zaidi. Mwaka 1967, kwenye maonyesho ya dunia ya Montreal, Radúz Činčera wa Czechoslovakia alionyesha Kinoautomat: filamu inasimama, watazamaji wanapiga kura kwa vitufe, kisha inaendelea. Watu walishangilia. Ukweli ni kwamba kura zilirudi kila mara kwenye njia ileile, na nyumba iliungua mwishoni vyovyote walivyochagua.

Sasa nirudi nyumbani, maana hoja hii naiona vizuri zaidi huku kuliko Montreal.

Oktoba 1873 Abdullah Susi na James Chuma, na wenzao, waliingia Unyanyembe wakiwa na mwili wa bwana wao, mmisionari na mpelelezi David Livingstone, aliyefariki mwezi Mei mwaka huo kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Walikuwa wameukausha mwili juani, wakaufunga ndani ya gome la mti, wakaubeba. Hapa Unyanyembe walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Akawashauri wamzike papa hapa, njia ya kwenda pwani ni mbaya. Wakakataa. Wakaendelea.

Walipofika Kasekera, njiani kuelekea pwani, wenyeji walikataa maiti ipite katika nchi yao. Kurudi nyuma hawataki, kupigana hawawezi. Hebu tazama walichofanya. Walisema wamekubali kuurudisha mwili Unyanyembe ukazikwe. Kisha kwa siri wakautoa kwenye gome, wakaufunga upya ukawa kama robota la kawaida la nguo, mzigo ambao kila mtu wa njia ile alizoea kuuona. Wakakata mabua ya mtama kwa urefu wa mtu, wakayafunga na kuyazungushia kitambaa, yakawa kama maiti iliyotayarishwa kwa mazishi. Wakakunja karatasi ikaonekana kama barua. Watu wachache wakabeba ile maiti ya mabua na kushika njia ya kurudi, wenyeji wakiona kwa macho yao. Usiku ulipoingia, wakiwa ndani ya pori, wakalifungua furushi na kutupa bua mojamoja, kila moja mbali na jingine, kisha na vitambaa, halafu wakapita kwa kurukaruka kwenye majani marefu wasiache alama za miguu. Robota likasonga mbele pamoja na msafara. Februari 1874 lilikuwa Bagamoyo, na Aprili Livingstone akazikwa Westminster, London.

Sijui fumbo bora kuliko hilo katika gemu yoyote ninayoifahamu, na limefumbuliwa na watu waliokuwa na njaa na uchovu wa miezi mingi.

Sasa lipeleke kwa hawa wanaotaka sinema ya kuchagua. Msafara unafika Kasekera, muziki wa huzuni, mzee wa kijiji anakataa, kamera inausogelea uso wa Susi. Kioo kinasimama na kuleta vibonyezo viwili: "Mzikeni" na "Wadanganyeni". Mchezaji anagusa cha pili, halafu anakaa kutazama waigizaji wakikata mabua. Imekwisha. Akili yote ya tukio lile ameitumia mwandishi wa filamu, mchezaji amepewa kidole tu. Chaguo lenyewe limeshamwambia kwamba udanganyifu upo na kwamba unawezekana, na kumbe ugumu wote wa Kasekera ulikuwa ni kuufikiria.

Katika gemu ya kweli ya safari na mafumbo, hakuna anayekuambia. Una gome, una kitambaa, una karatasi, jirani kuna shamba la mtama. Unazunguka kambini kuongea na watu. Mmoja anakueleza kwamba wenyeji hawana ugomvi na msafara, wanachokataa ni maiti. Mwingine analalamika kuhusu marobota ya nguo yanayopita kila siku bila mtu kuyafungua. Unajaribu kuomba, unakataliwa. Unajaribu kupita usiku, unarudishwa. Unazima simu kwa hasira. Kesho yake uko shambani, unashika bua lililokauka, jepesi, refu kama mtu, na ghafla linakujia. Furaha ile ya kupata jibu kwa kichwa chako mwenyewe, sinema haina mahali pa kuiweka.

Wazee wetu waliijua furaha hiyo. Mtega kitendawili hakutegulii mpaka umeshindwa na kumpa mji, na mji huo unauma kuutoa, ndiyo maana watoto hukaza akili. Sinema ya kuchagua inatega na kutegua kwa pumzi moja, haidai mji wala haimpi mtu nafasi ya kushinda.

Najua majibu ya upande wa pili, na moja ni zito. Mafumbo ya zamani mengine yalikuwa ya ovyo. Katika Gabriel Knight ya tatu, ya mwaka 1999, mchezaji alitakiwa kujitengenezea masharubu kwa manyoya ya paka ili afanane na mtu ambaye mwenyewe hana masharubu, kisha amchoree masharubu kwenye pasipoti yake. Huo ni upuuzi, na uliwafukuza watu wengi. Lakini fumbo baya linatibiwa kwa fumbo zuri. Ron Gilbert aliandika mwaka 1989 kulalamikia mafumbo yasiyo na mantiki, na mwaka 1990 akatoa The Secret of Monkey Island kuonyesha namna ya kufanya: mafumbo ya haki, yenye dalili mbele ya macho, na mchezaji hafi hovyo. Hakuhitaji kamera wala mwigizaji.

Jibu la pili ni The Walking Dead ya kampuni ya Telltale, mwaka 2012. Iliwaliza watu, nami siikatai. Machozi yale yalikuwa ya kweli. Ila ona kilichofuata. Kampuni ilichukua kalibu ileile ikamimina humo hadithi moja baada ya nyingine, na wachezaji wakazidi kugundua kwamba machaguo yao yanarudi kwenye barabara moja. Septemba 2018 ikaachisha kazi karibu wafanyakazi wake wote. Sababu za kuanguka kwake zilikuwa zaidi ya moja, lakini watu kuchoshwa ilikuwa mojawapo. Netflix nayo, iliyotamba na Bandersnatch Desemba 2018, ilitangaza mwaka 2024 kwamba inaziondoa karibu filamu zake zote za kuchagua.

Jibu la tatu nalisikia mitaani kwetu: watu wetu ni wa sinema, angalia vibanda umiza vinavyojaa. Vinajaa, kweli. Lakini nani aliyevijaza? Marehemu Derek Mukandala, tuliyemjua kwa jina la Lufufu, alipata umaarufu kwa kuziingilia filamu za kigeni kwa Kiswahili chake, akieleza, akitania, akiwapa wahusika maneno mapya. Nairobi wana DJ Afro kwa kazi kama hiyo. Filamu peke yake haikuwatosha watu wetu. Walimtaka mtu wa kuwaingiza ndani. Hadhira ya namna hiyo ukiipa vibonyezo viwili unaipunja.

Nina shaka nyingine kubwa na sinema, nayo inahusu nani anaonekana. Njia yetu ya misafara imeshapigwa filamu. Mwaka 1939 Hollywood ilitoa Stanley and Livingstone, Spencer Tracy akiwa Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta Livingstone. Mwaka 1990 ikatoka Mountains of the Moon, ya wapelelezi Burton na Speke, waliofika Kazeh, yaani Tabora hii, Novemba 1857. Wapagazi ndani ya filamu hizo karibu wote ni mstari wa watu wanaopita nyuma. Kamera inahitaji uso wa kufuata, na fedha za filamu huamua uso huo ni wa nani. Gemu ikikukabidhi mzigo, huna uso wa kuutazama, begani ni kwako.

Marekani walilielewa hili zamani. Mwaka 1971 wanafunzi watatu wa ualimu wa Minnesota walitunga The Oregon Trail, gemu ya maandishi kuhusu wahamiaji wa kwenda magharibi: nunua chakula, vuka mto, ugua, fika au usifike. Vizazi vya watoto wao vimeijua historia ile kwa kuamua. Sisi tuna njia kubwa kuliko hiyo kwa visa. Mpagazi wa Kinyamwezi na frasila mbili begani. Vitambaa vya merikani na kaniki, na shanga, vya kuhesabu kabla ya kuingia Ugogo, maana hongo, yaani ushuru wa kupita, inadaiwa na ukitoa sana mapema hutafika. Posho ikipungua wapagazi wanatua mizigo na kugoma. Mvua zikikaribia wanataka kurudi kulima. Mwaka 1871 mtemi Mirambo kafunga njia ya Ujiji: unasubiri, unapigana, au unazungukia kusini? Stanley alipigana, akashindwa, ndipo akazunguka.

Na gemu kama hiyo haitaki studio. Maandishi na picha chache zinaenea kwenye simu ya bei ndogo, wakati sinema ya kuchagua inamaliza bando la wiki kabla kijana wa Ntalikwa hajaona sura ya pili. Afrika Mashariki haikosi mafundi: Wesley Kirinya wa Kenya alitengeneza The Adventures of Nyangi karibu miaka 20 iliyopita. Kwa hiyo nawaambia watengenezaji wa Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko wanaotamani kuifanyia kazi njia hii: msikodi kamera. Anzeni na Kasekera. Mpeni mchezaji gome, kitambaa, karatasi na shamba la mtama, kisha msimwambie kitu.