Kidonda cha Kolwezi Hakijapona

Ndugu zangu wa Lualaba, vita vya Kolwezi havikwisha siku ile askari wa Ufaransa walipoteremka kwa miavuli, Ijumaa tarehe 19 Mei 1978. Risasi zilinyamaza, kunyoosheana vidole kukaanza, na mpaka leo hakujakoma.

Waasi wa FLNC wa Nathaniel Mbumba waliingia mjini tarehe 13 ya mwezi huo, wakitoka Angola kupitia Zambia. Mwaka uliotangulia walikuwa wamefika Mutshatsha, wakarudishwa nyuma kwa msaada wa askari wa Morocco. Safari hii waliushika mji wenyewe, wakaweka mahakama zao na kuwahukumu watu wasio na mtetezi. Wazungu zaidi ya 100 waliuawa, na Waafrika mamia. Wazungu wale dunia iliwalilia, na Wafaransa wakatengeneza hata sinema juu ya askari wao. Wafu wetu sisi, ni nani aliyeandika majina yao?

Kisha jeshi la Rais Mobutu likarudi. Kwa kuwa waasi wengi walikuwa Walunda, kila Mlunda akawa mshukiwa. Jina la babu lilitosha kumpeleka mtu asikorudi.

Wako wanaosema hofu ile ilikuwa na sababu, maana baadhi ya vijana wa mji waliwapokea waasi na kuwaonyesha njia. Ni kweli, wapo waliofanya hivyo. Lakini kosa lina mwenyewe. Aliyemwonyesha muasi nyumba ya jirani na ahukumiwe yeye. Fundi aliyelala sakafuni na wanawe, akiomba Mungu kupambazuke, hakuwa na hatia kwa sababu ya lugha ya mama yake.

Tabia hiyo ya kulaumu kabila zima haikuishia kwa Walunda. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990 na kampuni ya madini ya Gécamines ikadhoofika, dhiki ilitafuta wa kulaumiwa. Zamu ikawa ya Waluba wa Kasai, wengi wao wajukuu wa watu walioletwa na kampuni ya Union Minière kuchimba shaba. Gavana Kyungu wa Kumwanza aliwaita hadharani bilulu, yaani wadudu. Likasi mwaka 1992, kisha Kolwezi mwaka 1993, walitolewa majumbani mwao, wakalala stesheni wakingoja treni, na watoto wakafia pale pale. Wakaondoka walimu, wauguzi na mafundi. Watoto waliobaki bila mwalimu walikuwa wetu.

Leo kobalti imewaleta tena watu wa kila jimbo, na mitaani Kasulo na Musonoi maneno ni yale yale: hawa wa kuja wametujazia mji. Bei ya mawe ya kobalti ikishuka kwa mnunuzi, anayetukanwa ni jirani, wala si aliyeipanga bei.

Wazee, simulieni miaka ile yote, pamoja na Mlunda aliyemficha Mluba na Mluba aliyemficha Mlunda. Mapadri na wachungaji, someni majina ya wafu wetu ibadani kila Mei. Vijana wa mashimoni, kamba inayowateremsha inashikwa juu na mtu ambaye hamkumwuliza kabila, msimwulize mkishapanda. Na mwanasiasa akija kuomba kura kwa kutukana kabila lolote, hata kama si lenu, ondokeni mmwache jukwaani peke yake. Tuanze na uchaguzi ujao.