Injini Hukuzwa kwa Vipimo

Imezoeleka miongoni mwa madereva na mafundi wetu wa jeshi na polisi kudhani kwamba gari kuukuu la mashindano likitakiwa kuongezewa nguvu, vinavyohitajika ni fedha na ujasiri tu. Dhana hiyo imefika hata Biharwe, pale barabara itokayo Masaka inapokaribia Mbarara, wapitapo malori ya kila namna na vijana wa kambini wapendao magari. Hatuna ugomvi na mapenzi hayo, kwani askari apendaye injini ni hazina kwa kikosi chake. Tunachokipinga ni ushabiki unaotangulia vipimo.

Na tutazame gari lenye sifa kubwa katika Afrika Mashariki, Datsun 240Z. Lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na likashinda tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Mehta alikuja kushinda Safari mara 4 nyingine, mfululizo tangu 1979 hadi 1982. Injini ya 240Z ina silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, na ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,393. Ushindi wote wa gari hilo ulipatikana kwa injini ya ujazo huo, jambo ambalo wapenda nguvu hulisahau upesi. Tangu mwaka 2003 yamekuwako pia mashindano ya Safari ya magari ya zamani, ndiyo maana 240Z bado linatafutwa na kufufuliwa.

Wajuzi wa magari hayo wana njia yao ya kuikuza injini. Huchukua bloku ya injini iliyo ndugu yake, iitwayo L28, ambayo silinda zake zina kipenyo cha milimita 86, wakazipanua hadi 89. Kisha huitoa krenkishafti yake, inayoipa pistoni safari ya milimita 79 kutoka chini hadi juu, na mahali pake huweka krenkishafti ya injini ya dizeli ya Nissan, LD28, yenye safari ya milimita 83. Ujazo hupanda hadi sentimita 3,098 hivi. Yafurahisha kuona kwamba chuma kilichoundwa kwa ajili ya dizeli ya mwendo wa pole, katika magari ya watu watulivu, ndicho kinacholipa nguvu gari la mashindano. Wako mafundi ambao wangekiuza chuma hicho kwa kilo.

Lakini hapo kazi haijaanza bado. Safari ya pistoni ikiongezwa milimita 4, nusu yake huongezeka juu na nusu huongezeka chini. Kwa hiyo pistoni ile ile, juu ya konrodi ile ile, itapanda milimita 2 kupita pale ilipokuwa ikikoma, itatokeza nje ya bloku na kuigonga silinda hedi. Hapana budi kutafuta pistoni ambayo tundu la pini yake limekaa juu zaidi, ama konrodi iliyo fupi. Milimita 2 ni unene wa sarafu, nazo zatosha kuiharibu injini siku ile ile iwashwapo.

Aidha kuna suala la mbano. Silinda moja ya 240Z humeza sentimita za ujazo 399 za hewa na petroli, na pistoni ifikapo juu hubaki nafasi ya sentimita 50 hivi, yaani mbano wa mara 9. Silinda iliyokuzwa humeza sentimita 516. Nafasi ya juu ikiachwa kama ilivyokuwa, mbano utapita mara 11, na petroli ya kawaida yaweza kulipuka kabla ya wakati wake. Injini itagonga, na mwisho pistoni itatoboka. Kadhalika, silinda iliyopanuliwa kwa milimita 3 imepunguziwa ukuta kwa milimita moja na nusu kila upande, na bloku kuukuu iliyoliwa na kutu katika njia za maji huenda haina unene wa kutoa. Juu ya hayo, katika mizunguko 6,500 kwa dakika, pistoni ya 240Z husafiri kwa wastani wa mita 16 kwa sekunde. Ile ya krenkishafti ya dizeli husafiri mita 18. Nguvu inayoivuta konrodi huongezeka kwa sehemu moja ya nane. Hakuna sikio la fundi, hata awe hodari namna gani, liwezalo kuyasikia hayo kabla injini haijavunjika.

Pengine mtu atauliza, mambo hayo ya matajiri wenye magari ya starehe yanamhusu nini koplo wa karakana? Yanamhusu sana. Krenkishafti ya lori la askari husagwa kwa mashine ile ile, na nafasi ya mafuta kati yake na beringi haizidi unene wa unywele. Ikikosewa, shinikizo la mafuta hushuka, beringi hushika, na lori husimama mlimani usiku likiwa na watu nyuma. Kwa maoni yetu, kila karakana ya kikosi na ya polisi ingefaa kutenga injini moja iliyochakaa, si ya kurudishwa kazini, bali ya kufundishia. Vijana waifungue, wapime kila silinda juu, katikati na chini, wakokotoe ujazo na mbano wake, na waandike. Aliyeiweza hesabu ya 240Z hatashindwa na ya lori.

Kusini ya Mbarara, wilayani Isingiro, upo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wanamoishi Wakongo wengi. Lugha yao ya kazi ni Kiswahili, lugha ambayo askari wa Uganda wameizoea tangu zamani. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi nchini. Fundi wa huko akija Mbarara kujifunza kupima hatahitaji mkalimani, na hatuoni kwa nini mafunzo hayo yamwache nje.

Neno moja kwa wale watakaokuza injini zao kweli. 240Z lina breki za disiki mbele na za ngoma nyuma, zilizofikiriwa kwa nguvu yake ya asili. Gari liendalo kilometa 100 kwa saa huhitaji umbali wa kusimama ulio mara moja na nusu, na zaidi, ya ule wa kilometa 80, na katika barabara ya Biharwe kuna ng'ombe. Breki zifanywe kwanza.

Vifaa vya kuanzia si vingi. Viungo vya konrodi katika krenkishafti ya L28 vinakaribia milimita 50, na vile vikuu milimita 55. Kwa hiyo maikromita ya milimita 25 hadi 50, nyingine ya 50 hadi 75, geji ya ndani ya silinda na daftari la shule vyatosha.